Shavu lisilo na unga

"Mjomba, mbona hapa shavu lako moja halina unga?"

Mtoto wa dada ana miaka tisa na jicho lake halipitwi na kitu. Ameikuta ile filamu yetu ya misukule YouTube, sijui nani kaiweka, na tangu jana jioni anaitazama kwa kuirudisha nyuma. Saa ya mkononi ya msukule wa tatu ameshaiona. Kivuli cha kipaza sauti tulichokifunga kwenye mti wa fagio ameshakiona kikipita ukutani wakati mganga anaapiza. Akauliza pia inakuwaje usiku jua linawaka. Hayo yote nilimweleza. La shavu nikamwambia ni jasho.

Halikuwa jasho.

Ilikuwa 2006, mwaka wa mgao, maji ya bwawa la umeme la Mtera yalipopungua na umeme ukawa wa kuvizia. Taa zilitaka jenereta, jenereta ilitaka mafuta, na ilipowaka ilinguruma ndani ya kila neno tulilosema. Basi usiku wa filamu tukaupiga mchana, kwenye shamba la mihogo Chanika. Damu ilikuwa juisi ya rosela iliyochemshwa na sukari mpaka ikawa nzito. Muongozaji alikuwa akitutia moyo kwa habari za George Romero, aliyetengeneza sinema yake ya wafu kule Marekani mwaka 1968 kwa dola kama 114,000 tu, damu ikiwa sharubati ya chokoleti. Lakini ile haikuwa ya rangi, na katika nyeusi na nyeupe chokoleti inakubali kuwa damu. Yetu ilikuwa ya rangi. Rosela ikatoka zambarau, na inzi wakajaa.

Tulikuwa misukule sita, majembe mkononi, tunalima huku tunagumia kama wale wa kwenye kanda za nje. Pembeni ya shamba akasimama bibi mmoja na mzigo wake wa kuni kichwani. Alitusikiliza kwa muda, kisha akamwita muongozaji.

"Baba, hawa mbona wanapiga kelele? Msukule hana sauti. Ulimi hukatwa. Analima, anakula pumba, ananyamaza."

Muongozaji akakubali papo hapo. Tukaanza upya, kimya. Sijawahi kusikia ukimya kama ule: majembe tu yanaingia ardhini, moja baada ya jingine, na upepo kwenye majani ya mihogo. Hata wale vijana waliokuwa wakicheka nyuma ya kamera waliacha.

Mimi nilikuwa wa mwisho, karibu na njia. Bibi akatua kuni. Akavuka tuta, akavuka la pili, akaja kusimama mbele yangu. Akashika ncha ya kanga yake, akailowesha kwa mate kidogo, akaanza kunifuta shavu la kushoto, taratibu, kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya, kama anavyofutwa mtoto aliyelala na uji usoni. Mkono wake ulinuka moshi. Unga ulipotoka, aliisogelea ile ngozi akaitazama kwa karibu sana. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ya mimi na yeye tu:

"Baba, huko mlikokuwa, hamkumwona mwanangu?"

Kamera ilikuwa inazunguka, na mimi nilikuwa nimeambiwa msukule hasemi. Nikamtazama. Akasubiri. Nilikuwa nimeukamata mpini wa jembe kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Muongozaji akasema "Kata!", na bibi akarudi kwenye kuni zake, mmoja wetu akamtwisha, akaenda.

Unga ulikuwa umekwisha, na jua nalo, kwa hiyo tuliendelea hivyo hivyo. Kipande cha bibi kilikatwa kwa sababu alitazama kamera. Kisha aliyetaka kuisambaza akasema misukule wasiolia hawatishi, tukaitwa studio tukagumie upya, sauti zikabandikwa juu ya ule ukimya. Saa naisamehe, na rosela pia, maana hatukuwa na hela. Hili siwezi. Mtaani kwetu kila mtu anajua msukule ni mtoto wa mtu, na nyumbani kwao kuna anayeamini kaburi lile halina kitu. Tulikuwa na huzuni hiyo mbele ya kamera, tukaifunika kwa mlio wa kuazima.

Mtoto amelala sasa. Nimeirudisha mwenyewe hadi dakika ya 41. Shavu la kushoto liko wazi, safi, linang'aa juani. Hadi leo sijui kama alijua tunaigiza. Sijui ule ukimya wangu alikwenda nao nyumbani kama jibu gani.

Hata shikamoo sikumpa.