Nyamaza, Umbu Langu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii sikulala vizuri, na kilichonikosesha usingizi ni filamu. (Wapo watakaouliza mtumishi anatafuta nini kwenye filamu. Nivumilieni.)

Inaitwa Antwone Fisher, ya mwaka 2002. Denzel Washington ndiye aliyeiongoza, naye humo ni daktari wa magonjwa ya akili. Ni habari ya kweli ya kijana wa Marekani aliyezaliwa mama yake akiwa gerezani, akalelewa Cleveland katika nyumba ya watu wa dini. Humo alipigwa, akatukanwa, na mwanamke mmoja wa nyumba hiyo akamnajisi. Sasa ni mtu mzima, baharia wa jeshi la majini, sare imenyooka. Mwenzake akimgusa kwa neno tu, ngumi. Ndipo akapelekwa kwa daktari.

Vipigo vilinihuzunisha, lakini kilichonichoma ni kile kimya. Siku za mwanzo kijana hafungui kinywa, na daktari anamngoja tu.

Mimi sikungoja. Dada mmoja alinijia baada ya ibada, akaanza, "Mtumishi, nilipokuwa na miaka tisa, mjomba..." Nami nimeshafungua 2 Wakorintho 5:17, ya kale yamepita. Nikamwambia asamehe, nikamwombea, nikaangalia saa. Muda wote alikuwa anakunja na kukunjua kona ya leso yake. Akasema amina, akaitia mkobani, akaenda.

Someni 2 Samweli 13. Tamari, binti wa mfalme Daudi, amenajisiwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Ana majivu kichwani, ameirarua kanzu yake, anakwenda akilia. Absalomu, kaka yake wa tumbo moja, anamwambia nyamaza, umbu langu (yaani dada yangu), usilitie moyoni jambo hili. Daudi alighadhibika sana, ikaishia hapo. Na huyo Absalomu aliyemkataza mwenzake asilitie moyoni, yeye alilitunza miaka miwili mizima hadi akaamuru Amnoni auawe. Tamari akakaa hali ya ukiwa, na sauti yake hatuisikii tena.

Wapendwa, nawasema nikijisema: tumekuwa akina Absalomu. Tunalinda jina la ukoo, jina la mtumishi, jina la kanisa. Aliyeumizwa tunamhimiza asamehe, aliyeumiza tunampa kiti cha mbele. Bwana Yesu aliposema juu ya kuwakosesha hawa wadogo, alitaja jiwe la kusagia, shingoni, baharini. Hakusema tuyamalize kifamilia! Mtoto akikuambia, acha unachofanya, msikilize, mwamini, mpeleke panapohusika. Kwenda polisi na hospitali si upungufu wa imani. Na mtu mzima anayeshtuka akiguswa bega, mwenye hasira zisizoeleweka, usikimbilie kukemea pepo. Keti naye kwanza.

Msamaha upo, siufuti. Ila haukupewa wewe uwe kizibo cha kinywa cha mwenzako.

Filamu inaanza na ndoto: mtoto anaingia ghalani, anakuta ukoo mzima umeketi mezani unamngoja. Mwishoni ndugu wa baba yake wanamwandalia meza kweli, chakula kimejaa. Waandaa meza mbele yangu... hapo nililia kama mtoto.

Juzi nikampigia yule dada. Nikamwambia, "Siku ile ulikuwa hujamaliza kusema, nami nilikukatiza. Nisamehe." Akanyamaza. Kisha akasema, "Nitakutafuta, mtumishi."

Hajanitafuta bado. Mniombee nijue kungoja.