Tulivyomnasa mdukuzi kwa akaunti isiyo na mwenyewe

Nani hapa Tanzania hajapata "ile hela itume kwenye namba hii"? Kwa miaka mingi nimewafundisha wenzangu kumtambua tapeli kwa Kiswahili chake kibovu. Mshauri tuliyemleta ofisini, tukamlipa milioni kadhaa, akatuachia kabrasha lenye mafundisho yale yale: tafuteni makosa ya herufi, tazameni salamu za ajabu, badilisheni nenosiri kila baada ya siku 30. Huo ushauri umepitwa na wakati, na kila nikisikia bado unauzwa roho inaniuma. Tapeli wa leo anaandikiwa na akili mnemba. Kiswahili chake hakina kosa.

Nasimamia mifumo ya kampuni inayotoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Hatufiki watu 60, na kontena nyingi ni za transiti kwenda Zambia na Kongo. Siku moja mchana mhasibu wetu akapokea ujumbe wa sauti WhatsApp. Ilikuwa sauti ya mkurugenzi, na kile kikohozi chake kidogo kabla hajaanza sentensi, na ile "sikiliza mama" anayoisema kutwa nzima. Namba ilikuwa ngeni. Alisema simu yake imeisha chaji. Wakala wa meli amebadilisha benki, malipo yaende akaunti mpya kabla ya saa kumi, tukichelewa kontena linaanza kula storeji, yaani gharama za kulala bandarini. Akataja na namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba, zote sahihi.

Kilichotuokoa ni daftari la jalada gumu. Tulikubaliana zamani kwamba yeyote akitaja akaunti mpya, hata awe nani, unakata na kumpigia kwa namba iliyoandikwa kwa kalamu kwenye daftari hilo. Dada akapiga. Mkurugenzi alikuwa Kibaha kwenye kikao cha harusi, simu yake imejaa chaji, hajui lolote. Aliwahi kuhojiwa redioni kuhusu msongamano wa bandari, na mahojiano yale bado yako mtandaoni. Kwa programu za siku hizi, kipande kifupi cha sauti kinatosha kumtengeneza mtu. Mapema 2024 zilitoka habari za mfanyakazi wa fedha huko Hong Kong aliyeitwa kwenye kikao cha video, akawaona wakubwa wake kwa macho, akatuma takribani dola milioni 25. Kumbe wale wote kwenye skrini walikuwa bandia.

Lakini usingizi uliniruka kwa sababu ya ile namba ya kontena. Kuijua kulimaanisha kuna mtu anasoma barua pepe zetu.

Nikaanza kwa kufuata kabrasha. Nikamlazimisha kila mfanyakazi abadilishe nenosiri. Wiki iliyofuata nikakuta nusu yao wameweka jina la mtaa wao na namba 1 mwishoni, na wawili wameliandika kwenye karatasi chini ya kibodi. Ndiyo maana taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishaacha tangu 2017 kupendekeza watu walazimishwe kubadili nenosiri kila baada ya muda. Nikakesha siku mbili nikipekua kumbukumbu za seva, maelfu ya mistari, macho yanawasha. Sikupata kitu.

Ndipo nikasema: kama anasoma barua zetu, basi tumwandikie.

Nikatengeneza akaunti kwenye seva, nikaiita mishahara_admin. Haina ruhusa ya kufungua hata faili moja na hakuna binadamu anayeitumia. Nikaandika programu fupi, mistari kama 15 hivi, ambayo mtu akijaribu tu kuingia kwa jina hilo inanitumia meseji. Kisha, nikiwa nimekaa meza moja na mhasibu, chai inapoa, nikamwandikia barua pepe: "Dada, kwa malipo ya mwisho wa mwezi tumia akaunti hii, nenosiri ni hili, tafadhali usimpe mtu." Na yeye akajibu kwa uzito unaostahili: "Nimepokea, asante, nitaitunza." Uzuri wa mtego wa namna hii ni kwamba haupigi kelele za bure. Ukilia, ujue mwizi yumo ndani.

Siku tatu kimya. Usiku wa nne, saa nane na dakika 20, simu ikatetemeka. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nilichukua bodaboda nikiwa na ndala mguuni. Alikuwa ameingia kwa akaunti ya kuunganisha kutoka mbali ya fundi aliyetufungia programu ya uhasibu. Fundi mwenyewe aliondoka miaka kadhaa nyuma, akaunti yake hakuna aliyeifuta, na nenosiri lake liliwahi kutumwa kwa barua pepe. Nikaifunga palepale.

Asubuhi nikafungua mipangilio ya barua pepe ya mhasibu, mahali ambapo sikuwahi kutazama. Kulikuwa na amri moja fupi: kila barua yenye neno "malipo" au "invoice" itumwe nakala kwa anwani ya nje. Kubadili nenosiri hakufuti amri kama hiyo, ndiyo maana kazi yangu yote ya mwanzo ilikuwa bure. Wewe unayesimamia ofisi, kaangalie leo.

Sasa kila mtu anaingia kwa hatua mbili, na wa uhasibu wana vifunguo vya kuchomeka kwenye USB. Nimenunua pia diski mbili za nje za kuwekea nakala za data zetu, kama laki saba hivi zote, moja inakaa kabatini bila waya wowote. Mkurugenzi aliuliza kwa nini diski ilale tu. Nikamkumbusha Juni 2017, kirusi cha kompyuta kiitwacho NotPetya kilipoizimisha mifumo ya Maersk, kampuni kubwa ya meli za kontena. Nakala ya seva iliyowasaidia kuinuka ilipatikana Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na mashine ile haikuwa mtandaoni. Akasaini hundi. Ila jaribu kurejesha data kabla hujahitaji: diski yetu ya kwanza ilikuwa na mafaili yenye majina mazuri na ndani hamna kitu.

Mwezi uliopita mkurugenzi akiwa Dubai alimpigia mhasibu kwa laini ya kule, anataka wakala mpya alipwe haraka. Safari hii alikuwa yeye kweli. Dada akamwambia, "Samahani bosi, nakata, nakupigia kwa namba ya daftari." Namba ile ilikuwa haipatikani mpaka kesho yake. Kontena likala storeji siku moja, na aliporudi mkurugenzi akaisaini gharama hiyo bila neno.