Siku nne ndani ya korongo la Paria: nilivyozipanga kwa kufuata chemchemi

Paria ni mto mdogo wa Marekani unaotoka jimbo la Utah kuingia jimbo la Arizona, na njia ya kulishuka korongo lake ni mto wenyewe. Unaingilia mahali panapoitwa White House, mwanzo wa njia upande wa Utah, na unatokea Lees Ferry, Paria inapomwagikia mto Colorado. Ni kama kilomita 61. Sehemu kubwa ya mwendo huo maji yanakufika kwenye kifundo cha mguu, mara mojamoja magotini. Unatembea ndani ya maji siku nzima na bado unaweza kukosa ya kunywa.

Sababu ni tope. Mto huu hubeba udongo laini mwingi kiasi kwamba chujio la nyuzi, lenye matundu ya mikroni 0.1, linaweza kuziba kabla hujamaliza lita mbili. Tena huko juu kuna mashamba na mifugo, kwa hiyo kilichomo humo si udongo peke yake. Ndiyo maana sikugawa safari kwa kilomita. Niliigawa kwa chemchemi: Big Spring, kama kilomita ya 19, na Last Reliable Spring, kama kilomita ya 40. Kati ya hizo kuna michirizi mingine ukutani, lakini sikuitegemea. Nikiikuta inatiririka, nilijaza chupa.

Vibali vya kulala humo hutolewa na BLM, idara inayosimamia ardhi ya umma. Wanaoruhusiwa kuanza ni watu 20 tu kwa siku, na kundi lisizidi watu 10. Omba mapema, hasa ukitaka Aprili, Mei au Oktoba. Julai hadi Septemba vibali ni rahisi kidogo kupata, na kuna sababu: ndio msimu wa dhoruba, na dhoruba ndiyo inayoua katika makorongo haya.

Kati ya kilomita ya 7 na ya 14 hivi kuta zinabana. Hapo mafuriko yakikukuta huna pa kupandia. Mvua yenyewe si lazima ikunyeshee wewe. Chanzo cha mto kiko mbali, upande wa hifadhi ya Bryce Canyon huko Utah, na huko inaweza kumwagika huku kichwani kwako anga ni jeupe. Kwa hiyo niliangalia utabiri wa eneo lote la juu, si wa korongo tu, nikaangalia tena asubuhi ya kuondoka. Hii pia ndiyo sababu ya kushuka na mto badala ya kuupanda: sehemu hatari unaipita siku ya kwanza, utabiri ukiwa bado mbichi. Ukianzia Lees Ferry utafika kwenye kuta hizo siku ya tatu ukiwa na habari za hali ya hewa zilizochacha, na humo simu haishiki. Niliondoka alfajiri na sikuvua begi kwa mapumziko marefu mpaka kuta zilipoachana. Dalili za kuangalia ni maji kubadilika rangi ghafla, vijiti na majani kuanza kuelea, au mngurumo usioisha. Ukiona mojawapo, panda kwanza, maswali baadaye. Kwenye mdomo wa Buckskin, korongo jembamba linaloungana na Paria kama kilomita ya 11, inua macho: magogo yaliyobanwa kati ya kuta yanakuonyesha maji hufika wapi.

Siku hiyo ya kwanza nilibeba lita 5 kutoka kwenye gari. Lita 4 kwa siku ndicho kiwango changu cha kunywa na kupikia, na lita moja ni kilo moja mgongoni, kwa hiyo sibebi ya ziada kwa woga.

Sasa hayo maji ya mto. Kuna siku utalazimika kuyatumia, na ukiyasukuma moja kwa moja kwenye chujio umeliua. Nilibeba mfuko wa kukunjwa wa lita 10 na shabu ya unga, ile nyeupe ya kuchachua kidogo ulimini. Chota maji mahali yanapotulia, si kwenye mkondo. Tia robo kijiko cha chai cha shabu kwa kila lita 4 au 5, koroga dakika chache polepole, kisha acha. Chembe za udongo wa mfinyanzi husukumana kwa sababu zote zina chaji hasi, ndiyo maana zinaweza kuelea usiku kucha bila kuzama. Shabu inavunja huko kusukumana. Baada ya dakika kumi unaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yameanza kukatika, kama maziwa yaliyoganda, na mabonge madogo yanashuka. Ikifika nusu saa mpaka saa nzima, juu ni meupe. Mimina pole, bila kutikisa, na acha sentimita tatu za chini. Hapo ndipo chujio linaingia kazini, na hata hivyo lisafishe kwa kulisukumia maji safi kinyumenyume kila jioni. Usiku wa baridi kali lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, maana nyuzi zikiganda barafu hupasuka na huwezi kuona kwa macho.

Taa za miale ya kuua vijidudu sizipendi kwa mto huu, kwani miale haipenyi tope. Vidonge vya klorini dioksaidi ni akiba nzuri, ila kumbuka kuvipa saa 4 ikiwa unataka viue kriptosporidiamu, kijidudu sugu cha kuharisha, na viweke kwenye maji yaliyokwisha kutulia.

Miguu ndiyo ya pili kwa matatizo. Buti za ngozi zisizopitisha maji ni kosa: zikijaa hazimwagi. Nilivaa viatu vyepesi vya wavu na soksi nene za neoprini, mpira laini wa kukinga baridi, kwa sababu mwishoni mwa Aprili maji bado yana baridi na jua haliingii kwenye sehemu nyembamba. Kinachochubua ngozi ni mchanga unaojipenyeza chini ya soksi. Kila saa moja na nusu nilivua, nikasuuza viatu, soksi na vidole, nikavaa tena. Dakika tano tu. Jozi moja ya soksi za sufu ilibaki kavu kwa ajili ya kulalia, na sikuigusa mchana hata siku moja.

Mchanga unaodidimiza utaukuta, hasa kingo za ndani za kona baada ya maji kupungua. Unang'aa kama umepakwa mafuta na unatikisika ukiuchoma kwa fimbo. Kwa kawaida unaishia magotini. Usivute kwa nguvu. Fungua mkanda wa begi kiunoni, egemea nyuma, tikisa mguu mmoja taratibu ili maji yaingie pembeni mwake, kisha utoe. Anayehangaika na miguu yote miwili huishia kuacha kiatu.

Nilikolala: usiku wa kwanza Big Spring, wa pili karibu na mdomo wa korongo la Wrather (humo ndani hairuhusiwi kulala, lakini tao lake la mwamba linastahili kutembelewa), wa tatu kama kilomita 5 chini ya Last Reliable Spring. Kila mara nilitafuta mstari wa takataka za mafuriko, nikaweka hema juu yake. Vigingi havishiki kwenye mchanga. Funga kamba kwenye jiwe, kisha weka jiwe kubwa mbele yake. Moto umekatazwa. Chakula kifunge kwenye chombo kigumu, kwa kuwa panya wa kambini hutoboa begi.

Kinyesi kinabebwa chote kutoka. Hesabu mfuko mmoja kwa mtu kwa siku na wa akiba mmoja, na uitie ndani ya mfuko imara usiopitisha maji, ufungwe nje ya begi.

Last Reliable Spring nilijaza lita 7, nyingi kuliko siku nyingine zote, kwa ajili ya jioni hiyo na siku nzima ya nne. Baada ya hapo ni kama kilomita 21 bila chemchemi ya kutegemea, korongo linafunguka, kivuli kinakwisha, na njia inapanda na kushuka juu ya mawe makubwa badala ya kufuata maji. Siku ya nne nilianza kutembea kabla jua halijachomoza, ili saa tano niwe nimebakiza kidogo tu.

Jambo la mwisho ni saa. Arizona haibadilishi saa majira ya joto, Utah inabadilisha, kwa hiyo saa nane ya Utah ni saa saba Lees Ferry. Dereva wa kunichukua nilimwambia saa nane ya Arizona, na nikamwomba aiandike.