Machela ya tanga: tulivyofungua njia ya kumtoa mgonjwa Shela

Usiku baba mkwe wangu alipopigwa na kiharusi, kumtoa nyumbani kwetu, huku juu karibu na vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, hadi ndani ya boti kulituchukua karibu saa nzima. Mwendo huo mtoto hutumwa chumvi akarudi kabla chai haijachemka. Tulimbeba juu ya godoro. Kichochoro cha kwanza kilijaa mawe ya ujenzi. Cha pili, ngazi ya nyumba mpya ya wageni ilikuwa imekula nusu ya njia. Tulipofika gatini maji yamepwa, boti zimelala ubavu mchangani, na vijana wakaingia majini hadi mapajani na mzee mabegani. Alifika hospitali ya mjini Lamu akiwa hai, alhamdulillahi, lakini mkono wake wa kulia haujarudi mpaka leo.

Mimi nina nyumba ya wageni ya vyumba sita. Sikuweza tena kumkabidhi mgeni ufunguo bila kujiuliza nitamtoaje akianguka.

Ushauri ulikuja mwingi. Mmoja akasema tuchange tununue pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea wagonjwa. Ipite wapi? Wazee wetu walipima njia kwa punda wawili wenye shogi, mifuko ya mizigo mgongoni, wapishane, na siku hizi hata punda mmoja hugwaruza ukuta. Mwingine akatuuzia machela ya chuma, nzuri, ya kukunja, kwa bei ambayo ningeezeka nayo upenu mzima. Ile machela ndiyo iliyonifunza kazi.

Tuliijaribu Ijumaa baada ya asri. Nilijaza mchanga magunia mawili, jumla kama kilo 70, nikayafunga juu yake, vijana wanne wakabeba, mimi nyuma na saa mkononi. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili, chini ya wikio, chumba kinachovuka njia kwa juu, ikagoma: mbele imegusa ukuta, nyuma imenasa kwenye baraza. Wakaisimamisha wima, magunia yakateleza, moja likapasuka. Nikanyamaza, nikaona lile gunia ni baba mkwe. Dakika 26 hadi gatini, mchana, bila giza wala kilio.

Ami mmoja aliyekuwa ameketi barazani akatuita. Yeye amebeba majeneza ya mji huu tangu ujana. Akasema, "Wanangu, maiti hana maumivu, twaweza kumwinua juu ya vichwa tukapinda. Aliye hai mtafutieni kitu kinachopinda chenyewe." Siku ya pili nikaenda kwa fundi wa matanga. Akanikatia kitambaa cha tanga kuukuu, akakipinda mara mbili, akashona kamba ya nazi pande zote na kuacha vishikio sita. Machela hiyo hukunjwa ikaingia kapuni, na kwenye kona hujipinda pamoja na wabebaji. Gharama yake haikufika hata robo ya ile ya chuma. Aliyeanguka kutoka juu na kuumia mgongo, usimtie humo hivi hivi: mlaze kwanza juu ya ubao, mfunge asitikisike, hata kama mtachelewa.

Kisha nikapita mlango kwa mlango na ile machela. Sikumhubiria mtu. Nilimwomba kila mwenye nyumba ashike kishikio kimoja tupite mbele ya nyumba yake. Mwenye ile ngazi alipokwaruza kiwiko chake mwenyewe, alimwita fundi wiki ile ile akaikata. Wajenzi tukawapa kiwanja kimoja cha kuweka mawe na mchanga. Mara ya mwisho tulipopima ilikuwa dakika 9.

Maji ndiyo yaliyonitesa zaidi. Mwezi mwandamo na mwezi 14, ukiwa mpevu, bamvua huwa kali, maji hujaa sana na kupwa sana, na kwetu maji hupwa mnamo saa 4, asubuhi na usiku. Ndiyo saa aliyoanguka mzee. Kwa hiyo siku za bamvua boti moja ya mashine haifungwi gatini, hutiwa nanga mkondoni, na dau dogo hukaa ukingoni kumfikisha mgonjwa. Wenye boti wana zamu, na kila nyumba ya wageni hutoa kidogo kila mwezi kwa mafuta. Jedwali la maji limebandikwa jikoni kwangu. Mpishi hulisoma kabla ya kuwasha jiko.

Na moto, ambao kwa mapaa ya makuti hautaki ruhusa. Wageni wakiona moshi hukimbilia gatini, kwa sababu ndiko walikoingilia. Kusi, upepo wa kusini, likivuma, cheche hurushwa huko huko. Mimi huwaambia siku ya kwanza, kabla hata ya sharubati: kimbilia joshini, upepo unakotoka, usikimbilie demani. Wakati wa kusi tunakutana ufukweni upande wa vilima, wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, gatini. Pampu ya kuzimia moto nayo iwekwe karibu na maji isukume, kwani kuvuta kwa mpira mrefu haiwezi. Tuliiweka juu mara ya kwanza ikakoroma tu bila tone.

Mwezi wa Shaaban, usiku wa mwezi 15, jirani yangu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, damu ikimtoka. Ilikuwa saa 4 na nusu, maji yamekauka kabisa. Mumewe alinigongea akitetemeka. Nikatoa tanga kapuni, wanawake wawili wakaenda mbele na taa, vijana sita wakashika. Hakuna aliyepiga kelele. Dau likatupokea, boti ikaunguruma mkondoni, na nilipotazama saa zilikuwa zimepita dakika 14 tangu mlango wangu ugongwe. Mtoto ni wa kike. Mama yake alirudi Shela siku ya nne, kwa boti ile ile, akanirudishia tanga likiwa limefuliwa na kukunjwa.