Bima ya mpwa wangu wa Ohio ilivyopatikana nikiwa Sinza

Mdogo wangu yuko Columbus, Ohio, kwa viza ya masomo. Mwanawe kazaliwa hukohuko, raia kamili wa Marekani, lakini hakuwa na bima. Mama mtu alikwama kwenye fomu ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, pale panapouliza uraia, akaamini viza yake inamfungia mtoto mlango.

Saa tano usiku, kwao saa kumi jioni, tukaipitia kwa WhatsApp. Kumbe uraia au kibali huulizwa kwa anayeombewa bima tu! Mzazi asiyejiombea hutaja kipato na watu wa nyumbani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mwombaji ni mtoto, wewe ni mwanakaya."

Barua ya kudai hati za mshahara ilipokuja, alipiga simu akaomba mkalimani wa Kiswahili, huduma ya bure ambayo wengi wetu hatuitumii, sijui ni aibu. Medicaid haina msimu wa kujiandikisha, kwa hiyo kadi ya bima ilikuja bila kungoja Novemba, msimu wa bima nyingine za huko.

Mtoto aliyezaliwa Dar akahamia huko na kadi ya kijani (green card, kibali cha ukaazi wa kudumu) ana hesabu nyingine: sheria ya 1996 iliweka miaka 5 ya kusubiri Medicaid, ila tangu 2009 kila jimbo linaruhusiwa kuwaondolea watoto kikwazo hicho. Ulizia la kwako kwanza.