Nilivyoikatia bima nyumba ya mawe ya Amu

Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, au Amu kama tuitavyo wenyewe, ghorofa mbili za matumbawe na chokaa, na juu kabisa banda la makuti tunakopanda kupunga upepo. Kilichonisukuma kutafuta bima ni hayo makuti. Kaskazi ikivuma na makuti yamekauka, cheche moja ya jiko la jirani inatosha, na gari la zimamoto haliwezi kupita kwenye vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Kuta huenda zikasimama. Boriti na vilivyomo ndani vitakwenda.

Wakala niliyempata yuko Malindi, akanitumia fomu kwa simu. Bima ya nyumba hapa Kenya kwa kawaida huuzwa kama kifurushi chenye mafungu: jengo, vyombo, vitu unavyotembea navyo nje kama simu na kompyuta, mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini, na dhima yako, yaani wajibu wa kumlipa mtu wa nje aliyedhurika kwako. Si lazima uchukue mafungu yote. Mpangaji, kwa mfano, hukatia vyombo vyake tu, jengo ni juu ya mwenye nyumba. Sisi tulichukua jengo na vyombo, na dhima pia, maana ukuta wetu unainamia njia ya watoto wa chuo.

Sasa jengo linaishia wapi na vyombo vinaanzia wapi? Wakala alinipa maelezo marefu, mimi nikayafupisha hivi: tukihama leo, vitakavyopakiwa juu ya punda ni vyombo, vitakavyobaki ni jengo. Kitanda cha samadari, jokofu, mazulia na masufuria ya shughuli ni vyombo. Zidaka (vishubaka vya ukutani), tangi la maji lililojengewa, mabomba na nyaya za umeme ni jengo. Mlango wa nakshi ulitusumbua. Umeshikamana na ukuta, basi ni jengo, lakini wapo watu waliong'oa milango ya namna hiyo wakaiuza. Niliomba utajwe kwa jina ndani ya hati, pamoja na picha zake na makisio ya fundi wa kuchonga. Ningemshauri kila mwenye mlango wa aina hii afanye vivyo hivyo, kwa sababu mkadiriaji atakayekuja kutoka mbali anaweza kuuthamini kama mlango wa mbao tu.

Kazi kubwa ilikuwa kujaza thamani ya jengo. Kila niliyemuuliza alinitajia bei ya kuuza, na bei za Amu zinapandishwa na wageni wanaotaka nyumba za kupumzikia. Bei hiyo haihusiki. Ndani yake mna kiwanja, na kiwanja hakiungui. Kampuni inataka kujua gharama ya kuijenga nyumba upya kama ilivyokuwa, kwa hiyo wa kuulizwa ni fundi mwashi, si dalali. Fundi alikuja na kamba akapima chumba kimoja baada ya kingine (vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, kwani upana wake hufuata urefu wa boriti ya mkoko), akahesabu mawe, chokaa, boriti, kazi ya nakshi za plasta, nauli ya mashua na ujira wa punda. Tukaongeza gharama ya kuondoa kifusi, ambayo watu husahau: kifusi cha Mkomani hakizolewi na lori. Tena mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, hivyo huwezi kuamua kuijenga upya nyumba yako kwa matofali ya saruji na mabati kwa sababu ni rahisi. Jumla ilipotoka, kaka yangu aliguna, akasema tuandike nusu ili tulipe kidogo.

Hapo ndipo nilipolazimika kukaa naye na karatasi. Mikataba hii ina kanuni ya uwiano. Tuseme kuijenga upya ni shilingi milioni 12, nawe umeandika milioni 6. Moto ukila dari ya milioni 2, utadhani utalipwa milioni 2 kwa kuwa hazijafika 6. La. Uliikatia bima nusu ya nyumba, utalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 1, na hata hiyo itapunguzwa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema utakibeba mwenyewe. Kuzidisha nako hakuna faida, kwa sababu hulipwi zaidi ya hasara yako. Kaka alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Makuti niliyataja wazi. Fomu huuliza kuta ni za nini na paa ni la nini, na ukiandika saruji wakati juu kuna makuti, umewapa sababu ya kukukatalia fidia nzima. Kampuni moja ilikataa papo hapo. Nyingine ilikubali kwa ada ya juu zaidi na kwa sharti la mitungi ya kuzimia moto kila ghorofa, na jiko la mkaa lisiwashwe juu bandani. Mama hakulipenda sharti hilo la mwisho.

Yasiyolipwa nayo niliyasoma, tena kwa mwandiko ule mdogo. Mchwa haulipwi. Chumvi inayobambua chokaa, boriti iliyooza kwa uzee, ukuta uliokuwa ukifanya ufa miaka nenda miaka rudi, yote hayo ni matunzo yako. Wizi hulipwa ikiwa pamevunjwa. Mlango ukiachwa wazi, kama ilivyo desturi yetu, shauri yako. Na nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 mfululizo, fungu la wizi husimama. Sisi hufunga nyumba tukienda Mombasa likizo ndefu, kwa hiyo binamu sasa hulala pale.

Suala ambalo wakala wa bara huenda asilifikirie ni la mwenye nyumba. Hati ya kwetu bado ina jina la babu, na bima hulipa mwenye haki katika kitu kinachokatiwa. Ilibidi tumalize kwanza mirathi kwa Kadhi ndipo majina ya warithi yaingie kwenye mkataba. Hilo lilichukua muda kuliko mambo mengine yote kwa pamoja.

Mjomba, yeye, alikuwa na swali lake: je, si kamari hii, na fedha zetu haziingii kwenye riba? Nilimweleza takafuli, bima ya Kiislamu, ambako washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana, kampuni ikausimamia kwa ujira, na ziada ikaweza kurudi kwa wachangiaji. Takaful Insurance of Africa ilianza Kenya mwaka 2011. Tuliomba makisio huko pia, na mwishowe mjomba ndiye aliyechagua.

Juu ya ada yenyewe huongezwa tozo ya mafunzo asilimia 0.2, tozo ya mfuko wa kuwafidia wenye bima asilimia 0.25, na ushuru wa stempu shilingi 40. Usipolipa, huna bima, hata ukiwa umetia saini. Mkataba ni wa mwaka, na bei haingoji. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti mwaka 2018, mikoko ikiwemo, boriti ziliadimika na kila hesabu ya ujenzi ikabadilika. Kwa hiyo bima ikikaribia kuisha, mimi humpigia fundi kwanza, kisha wakala.