Siku moja maishani mwangu: napikia nyumba ya watu

Nikiulizwa kazi yangu, nasema mimi ni mpishi. Swali linalofuata huwa ni hoteli gani. Nikijibu kwamba napika nyumbani kwa watu, chakula cha kawaida cha kila jioni, sauti ya anayeniuliza hushuka: "Aa, kazi za ndani." Ndiyo, kazi za ndani, na huu ni mwaka wangu wa 12. Nimeona niandike siku moja tu, Alhamisi iliyopita, ili anayedhani chakula cha jioni huanza jioni aone kinakoanzia.

Kinaanzia usiku wa kuamkia. Jumatano kabla sijaondoka kazini nilichambua maharage mekundu, nikayaosha, nikayaroweka kwa maji mengi pamoja na kijiko cha chumvi. Wengi tumefundishwa kwamba chumvi huyafanya maharage yawe magumu. Si kweli. Ikiwa kwenye maji ya kurowekea hulainisha ganda, na maharage huiva sawasawa bila kupasuka.

Saa 11 alfajiri

Naamka. Wanangu wawili wananitegemea kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa hiyo naanza na jiko langu: nachambua dengu za jioni yao, nakata kitunguu, naviweka kwenye bakuli ndani ya friji. Kijana wangu wa miaka 15 ndiye atakayezipika. Dengu hazihitaji kurowekwa, zinaiva upesi, ndiyo maana namwachia hizo.

Saa 1 asubuhi

Kazini. Chai, mayai, watoto wa shule, vyombo, sakafu. Baba na mama wa nyumba wanaondoka, babu anabaki barazani na redio yake.

Saa 3

Kabla sijaamua nitapika nini, nafungua friji. Watu huniomba mawazo ya chakula cha jioni, na wengi wao huanza na jina la pishi, kisha wanakwenda kununua vitu. Mimi naanza na kitakachoharibika kwanza. Kikishajulikana, najiuliza mambo manne: nini kitashibisha, nini kitatia nguvu, kijani kiko wapi, na kitu gani kichachu kitaamsha ulimi? Viporo vya wali vya jana, mayai mawili na karoti ni chakula kamili ukivikaanga kwa moto mkali na kumalizia na limau. Tambi na kabichi iliyokaangwa na kitunguu saumu mpaka kingo zikawa za kahawia, pia ni chakula kamili. Viazi vilivyobaki vikipondwa na kukaangwa kama chapati nene, watoto hawaachi hata kimoja.

Alhamisi friji ilikuwa na kuku mmoja mzima, nusu kabichi, karoti nne, limau, na nyanya sita zilizoanza kulegea. Nikaamua: kuku wa mchuzi, wali, maharage, kabichi.

Saa 4

Nakata kuku, vipande 8. Simwoshi kuku mbichi siku hizi, na najua nitapingwa. Maji yanayoruka kwenye sinki husambaza vijidudu hadi kwenye ubao, kisu na saladi, na vijidudu hivyo huuawa na moto, maji hayaviui. Namfuta kwa karatasi mpaka ngozi ikauke, nampaka chumvi, namrudisha friji, chini kabisa, asije akadondoshea kitu kingine. Chumvi ikipata saa kadhaa huingia hadi ndani ya nyama. Ukiitia wakati wa kupakua, inabaki juu juu.

Kufua, kupiga pasi, chakula cha mchana cha babu.

Saa 8

Namwaga maji ya kurowekea maharage, natia mapya, nayachemsha kwa nguvu. Hapa sina mzaha. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili, aina ya protini iitwayo lektini, na mabichi manne au matano yanatosha kumtapisha mtu. Yanatakiwa yarowekwe angalau saa 5, kisha yatokote hasa, si kupashwa moto mdogo tu. Dakika 10 ndio uchache wake, mimi huyaacha 30. Moto mdogo peke yake unaweza hata kuizidisha sumu hiyo. Baada ya nusu saa nilipunguza moto. Binti mkubwa wa nyumba, miaka 14, alikuwa amerudi shule. Nikamwomba aangalie maji yasikauke, nikaenda sokoni kufuata mchele na vitunguu.

Saa 9 na nusu

Nilirudi, nikasikia harufu ya nyanya tangu mlangoni.

Binti alikuwa amesimama jikoni na aproni yangu, anang'aa uso mzima. "Dada, nimekusaidia!" Alikuwa amekata nyanya zote sita akazitia kwenye maharage. Nikachota moja, nikalibonyeza kwa vidole. Ganda limelainika, ndani bado gumu kama punje ya mahindi makavu. Na hapo nilijua kwamba yangeweza kukaa jikoni mpaka saa 3 usiku yakabaki hivyohivyo, kwa sababu uchachu wa nyanya huzuia kile kinachoshikamanisha maharage kisiachie. Nyanya, limau, siki, ukwaju, vyote hivyo husubiri maharage yaive kabisa. Ukivitangulizia, umeyafunga.

Sikumgombeza. Mtoto anayejiingiza jikoni kwa hiari yake hafukuzwi. Tukaopoa nyanya kwa kijiko cha matundu, tukaziweka pembeni kwa ajili ya mchuzi wa kuku. Tukamwaga ule mchuzi, tukayasuuza maharage kwenye chujio, tukatia maji yaliyokwisha kuchemka na magadi soda, robo ya kijiko cha chai tu. Magadi ni kinyume cha uchachu, hulainisha. Ukizidisha, maharage huwa rojo yenye ladha ya sabuni, na vitamini nyingine hupotea. Binti akauliza kwa nini, kwa nini, kwa nini, na mimi nikajibu yote huku naangalia saa.

Simu ikalia. Ni mama wa nyumba.

"Dada, leo tuna wageni watatu, shangazi na wanawe. Watakula saa 1 kamili, si saa 1 na nusu. Na mmoja hali nyama."

"Sawa, mama."

Nilikata simu nikakaa kwenye kigoda dakika nzima. Kuku mmoja, watu 9. Asiyekula nyama anategemea maharage, na maharage yenyewe hayajaiva.

Kuku nilimtoa nikamkata upya. Kifua nilikitoa mfupa, nikakichana vipande vya ukubwa wa kidole gumba, mapaja nikayagawa kwenye kiungo. Nikamenya viazi vinne vya kuingia kwenye mchuzi. Chakula kikitakiwa kuongezwa, usiongeze maji. Ongeza kitu kinachokunywa mchuzi.

Kisha kukaanga, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Vipande vyote vikijazwa kwenye kikaangio kimoja, hutoa maji, na maji hayapandi juu ya nyuzi 100 za Selsiasi. Nyama inachemka, inakuwa nyeupe, haipati ile rangi ya kahawia yenye harufu. Rangi ile inahitaji joto zaidi, kama nyuzi 140 hivi, na uso mkavu. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeieleza mwaka 1912, na jina lake ndilo linalotumika mpaka leo. Nilimweleza binti hivyo, akacheka jinsi ninavyolitamka jina. Nikakaanga kwa awamu tatu, na muda sina, lakini awamu ni tatu. Kuku akatoka. Vitunguu vikaingia kwenye mafuta yaleyale na chumvi kidogo, nikavikwangulia ule ukoko wa chini kwa mwiko, maana utamu wote umo humo. Kitunguu saumu nilikitia baada ya vitunguu kulegea, kwa kuwa huungua upesi na kikiungua huwa kichungu. Kisha nyanya zile za kwenye maharage zikapata kazi yake halali, nikazikaanga mpaka mafuta yakajitenga.

Shangazi alifika mapema, saa 11 na nusu, akaja moja kwa moja jikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mnapika nini?" Akafunua sufuria ya wali.

Wali nilikuwa nimeubandika dakika tano tu. Vikombe vitano badala ya vitatu, na maji hayakuongezeka kwa kiwango kilekile, maana mvuke unaopotea ni karibu uleule, mchele uwe mchache au mwingi. Anayezidisha vyote sawasawa hupata bokoboko. Nilikuwa nimeupima vizuri. Nikafunika. Baada ya muda akafunua tena, akachukua mwiko, akaukoroga. Punje zikikorogwa zinavunjika na kutoa wanga, wali unanatana.

"Shangazi, naomba tuuache kidogo. Mvuke ndio unaoumalizia."

"Wali tu, mwanangu! Mbona unahangaika hivyo? Mimi nimepika miaka 40 na hakuna aliyenilipa hata senti."

Maneno yale yalinichoma, na nimeyabeba mpaka leo ninapoandika. Najua hakuwa na ubaya. Alikuwa anasema kweli kuhusu maisha yake, na nilimwona mikono yake, yenye makovu ya mafuta kama yangu. Lakini kutolipwa kwake hakukufanya kupika kusiwe kazi. Miaka 40 ile alifanya kazi, na yeye pia alistahili mtu amwambie hivyo. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani, na humo tunatajiwa mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Saa 24 za kupumzika hutajiwa mtu anayefanya kazi. Sikumwambia shangazi hayo. Nilimpa karoti akate, akazikata vizuri kunishinda.

Tangu hapo sikuangalia saa tena. Nilichota maharage kila baada ya muda mfupi, nabonyeza, bado, nabonyeza, bado, mgongo unaniuma hapa chini kiunoni, mvuke umejaa, binti anauliza kama chumvi imetosha, babu anaita kwa ajili ya dawa zake, watoto wadogo wanagombana mlangoni. Kisha nikabonyeza moja likapondeka kama siagi. Nikachota jingine, na jingine. Matatu yakiiva, nayaamini yote. Nikayaunga kwa kitunguu, tangawizi na karoti, nikaponda kijiko kimoja upande wa sufuria ili mchuzi uwe mzito, na limau nikalikamulia mwisho kabisa, moto umezimwa. Kabichi ilisubiri hadi watu wanaosha mikono: moto mkali, dakika tano, bila kifuniko. Ikikaa jikoni muda mrefu hutoa ile harufu nzito ya salfa inayowafanya watoto waikatae.

Wali ulikuwa umenatana kidogo katikati. Kingo zilisimama vizuri. Nilipakua kingo kwanza kwa ajili ya wageni.

Walikaa mezani saa 1 na dakika 10. Mgeni asiyekula nyama aliongeza maharage mara mbili. Babu alifuta sahani yake kwa kidole.

Usiku

Vyombo. Wali uliobaki niliutandaza kwenye sinia pana upoe haraka kabla ya kuingia friji, maana vijidudu vya wali huvumilia kupikwa na huamka wali ukikaa nje. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 wa chakula salama unasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Nimechoka namna gani, hilo siliruki. Binti alifuta meza, kisha akabandika karatasi kwenye mlango wa friji, herufi kubwa: NYANYA MWISHO.

Nilifika kwangu saa 4. Mdogo amelala. Sufuria ilikuwa jikoni, imefunikwa kwa sahani, na kijana wangu amelala kwenye kiti akinisubiri. Nilifunua nikala nimesimama. Dengu zilikuwa bado moto, laini, ukali wa nyanya upo juu yake, umetiwa mwishoni.